Homa ya mgunda: panya anasingiziwa, ramani haiulizwi

Leo sina picha za harusi wala utani wa Simba na Yanga. Leo nimekuja na hasira, na hasira yenyewe inahusu mkojo. Ndiyo, mkojo. Kama uko mezani maliza kula kwanza, blogu haikimbii.

Mnaikumbuka Julai 2022? Aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali, Dk. Aifello Sichalwe, alitoa taarifa kwamba kuna watu wanaugua wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Homa, kichwa kinauma, mwili umechoka, damu inatoka puani. Wakapimwa Ebola, hakuna. Marburg, hakuna. Korona, hakuna. Basi vyombo vyetu vya habari vikapata kichwa cha habari cha bure: UGONJWA WA AJABU. Redio, magazeti, mitandao ndiyo usiseme. Tarehe 18 mwezi huohuo aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautaja kwa jina: leptospirosisi, kwa Kiswahili homa ya mgunda. Wagonjwa 20, vifo 3. Unatibika, unazuilika, wananchi wasiwe na hofu. Kamera zikakunjwa, magari yakarudi Dar.

Ajabu gani sasa? Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna watu wamekuwa wakiufuatilia ugonjwa huu kwa watu na kwa wanyama tangu miaka ya 1990. Kuna aina ya bakteria wake waliyoipata kwa ng'ombe wa Morogoro, ikaingizwa kwenye orodha za kimataifa kwa jina la Sokoine. Yaani mdudu ana jina la waziri mkuu wetu wa zamani, halafu akijitokeza Lindi tunamwita mgeni!

Baadaye nilimwambia mhariri mmoja (jina naliacha, bado tunasalimiana) kwamba nataka kuandika habari ndefu juu ya homa hii. Akaniuliza, "Kuna waliokufa wiki hii?" Nikamwambia hapana. "Basi subiri." Nimesubiri vya kutosha, ndiyo maana leo naandikia hapa kwangu.

Nianze na jina, maana jina lenyewe limebeba hoja yangu yote. Mgunda ni shamba. Waulize Wanyamwezi, waulize Wagogo. Waliosoma safari za misafara ya zamani wanaikumbuka ile nyika ya Mgunda Mkali katikati ya nchi. Na si sisi tu tulioupa ugonjwa huu jina la mahali. Wajerumani waliuita homa ya tope na homa ya shambani. Kule Queensland, Australia, ulijulikana kwa wakata miwa. Wapo walioupa jina la mpunga, wapo walioupa jina la kinamasi. Kila taifa lilitazama pale watu wake walipokuwa wanaanguka, likataja ardhi. Watu wa zamani bila maabara walijua jambo ambalo mabango yetu ya leo hayalijui: homa hii ina anwani.

Sayansi yake si ngumu. Bakteria aitwaye leptospira anaishi kwenye figo za mnyama, mara nyingi bila kumuumiza sana. Mnyama akikojoa, bakteria anatoka. Akikauka anakufa. Kwenye maji ya chumvi hadumu. Lakini akiangukia udongo wenye unyevu au maji baridi yaliyotulia anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akisubiri mguu wako wenye mchubuko, au ngozi iliyolainika kwa kushinda majini, au jicho, au mdomo. Aina zake zimeshahesabiwa zaidi ya 250, na nyingi zina mnyama wake zinayempenda: nyingine ng'ombe, nyingine nguruwe, nyingine mbwa, nyingine panya. Kwa hiyo mambo matatu lazima yakutane: mnyama yupi, maji gani, na mtu anayafanyia nini hayo maji. Badilisha mandhari, umebadilisha yote matatu kwa mpigo.

Sasa nenda kasome ujumbe wa afya unaotolewa kila ugonjwa huu unapotajwa. Funika chakula. Ua panya. Usile matunda yaliyong'atwa. Ujumbe mmoja kwa nchi nzima, kuanzia mteremko wa Kilimanjaro hadi bonde la Msimbazi, kama vile nchi hii ni uwanja wa mpira, popote usimamapo nyasi ni zilezile.

Twendeni Moshi basi, maana kwa Tanzania Moshi ndiko kulikochimbwa zaidi. Kati ya 2007 na 2008 watafiti wa KCMC na wenzao wa nje waliwachunguza wagonjwa wa homa waliolazwa hospitalini pale mjini. Walipopiga hesabu wakakadiria kwamba mkoani Kilimanjaro homa ya mgunda ilikuwa inawapata kati ya watu 75 na 102 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Hiyo si ajabu ya Ruangwa, hiyo ni kila mwaka, kimyakimya, chini ya mlima unaopigwa picha kuliko mlima wowote Afrika. Walipopima tena kati ya 2012 na 2014 makadirio yakawa yameshuka hadi kati ya 11 na 18. Ni habari njema, lakini pia ni fundisho: hata mahali palepale, ugonjwa huu hausimami. Anayetegemea takwimu za miaka 15 iliyopita anapiga ramli.

Utamu wa habari uko hapa. Waliulizwa wagonjwa: unafanya kazi gani, unafuga nini, unashika nini? Kilichoongoza kwa hatari kikawa kazi ya kwenye majaruba ya mpunga. Kikafuata kinyesi cha ng'ombe, yaani kusafisha zizi, halafu kulisha ng'ombe, na kazi za shamba kwa ujumla. Kadiri mtu anavyogusana na mkojo wa ng'ombe ndivyo hatari ilivyopanda.

Na panya je? Wakamtega. Zaidi ya panya 380 kutoka maeneo ya Moshi wakapimwa, utafiti ukachapishwa 2018. Mwenye leptospira: hakuna hata mmoja. Sifuri! Wakapima figo za mifugo kwenye machinjio, wakakuta ng'ombe karibu 7 katika kila 100 wanao, na mbuzi na kondoo wachache.

Aliyewahi kukaa kihambani anaelewa. Ng'ombe wa kule hachungwi, anafungiwa nyuma ya nyumba, analetewa majani ya migomba na anatolewa samadi kwa mikono. Mama ndiye anayeingia zizini asubuhi, pekupeku au na kandambili. Teremka tambarare, ukute mashamba ya mpunga ya umwagiliaji ya Lower Moshi, watu wako kwenye maji hadi magotini tangu alfajiri. Huyu mama na huyu mkulima unawaambia wafunike chakula panya asikanyage? Umewasaidia nini? Umewapa vita na adui asiyehusika, na mhusika mkuu amelala zizini anacheua.

Sisemi panya ni malaika. Morogoro wenzetu wa SUA wamewakuta panya wakiwa na bakteria hai, mpaka panyabuku. Kibera, Nairobi, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta panya wa mtaani karibu 18 katika kila 100 wameambukizwa. Kwa hiyo kesi ya panya wa Kibera ina ushahidi, na ya Morogoro inao. Kesi ya panya wa Moshi haina. Hakimu gani anahukumu washtakiwa wote kwa ushahidi wa kesi moja?

Ukienda magharibi, picha inageuka tena. Kwenye ukanda wa Katavi na Rukwa, utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta karibu watu 30 katika kila 100 wana kinga ya leptospira kwenye damu, maana yake waliwahi kukutana nayo. Ng'ombe nao karibu 30 katika kila 100. Nyati 28. Pale mtu, mfugo na mnyamapori wanakunywa mto mmoja, hasa kiangazi maji yanapobaki madimbwi. (Tahadhari kwa wenzangu waandishi: kuwa na kinga si kuwa mgonjwa. Msije mkaandika kesho kwamba theluthi ya Katavi inaumwa!)

Kwa mji, darasa kubwa ni Salvador, Brazil. Mwaka 1996 ulizuka mlipuko pale, wagonjwa wazito 326, na asilimia 15 wakafa. Miaka iliyofuata watafiti walikaa kwenye mtaa wa mabondeni uitwao Pau da Lima wakapima nyumba kwa nyumba. Nani yuko hatarini? Anayekaa karibu na mfereji wa maji machafu ulio wazi. Anayekaa chini bondeni kunakofurika. Anayezungukwa na takataka. Yaani ndani ya mtaa uleule, maskini wale wale, mita chache za mteremko zinabadilisha bahati yako. Pale panya mkubwa wa mifereji ndiye mkosaji, na dawa ya kweli ni kufunika mifereji na kuzoa taka.

Mtu wa Dar akisoma hapo moyo unampiga. Jangwani, Kigogo, Mchikichini, mvua ikinyesha kwa nguvu tunapita juu ya daraja tunapiga picha za maji, tunaandika "Dar yetu", tunacheka. Waliopo chini wanaokoa magodoro kwenye maji yaliyopitia vyoo, majalala na mazizi ya mjini. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilipofurika tulihesabu nyumba na ekari zilizozama, na tulifanya vizuri. Homa za wiki mbili baada ya maji nani alizihesabu? Maana homa hii haiji siku ya mafuriko. Inakuja siku 5 hadi 14 baadaye, wakati mwingine hata mwezi, misaada ikishagawiwa na viongozi wakishaondoka. Fiji walihesabu baada ya mafuriko yao ya 2012: wagonjwa 576, vifo 40.

Sasa twende zahanati, kwenye sehemu inayonichoma zaidi.

Kwenye ule utafiti wa Moshi wa 2007 na 2008 walikuwepo wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali. Madaktari waliandika malaria kwa 528 kati yao, zaidi ya asilimia 60. Maabara ilipochunguza, waliokuwa na malaria kweli iliyosababisha homa ile walikuwa 14. Kumi na wanne! Homa ya mgunda peke yake, kwa waliopimwa kikamilifu, ilikuwa karibu 9 katika kila 100. Wengine walikuwa na magonjwa mengine ya mifugo. Hao wote walikuwa wanaelekea kunywa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Najua, tangu wakati ule vipimo vya haraka vya malaria vimesambaa hadi vijijini, na ni hatua kubwa. Lakini tuongee ukweli jamani. Kipimo kikisema huna malaria, unapewa nini? Kila mtu aliyekulia nchi hii anajibu kwa pamoja: taifodi au UTI! Tumeifanya utani wa kijiweni. Unatoka na mfuko wa vidonge na hakuna aliyekuuliza unafanya kazi wapi. Mkata miwa wa Kilombero, mchinjaji wa Vingunguti, binti wa chuo aliyekaa hosteli, wote wanajibiwa sawa.

Na dalili zake zingetusaidia tukizitafuta. Homa ya ghafla, kichwa, maumivu makali ya misuli hasa ya mashavu ya miguu, macho mekundu yasiyo na tongotongo. Ikizidi macho yanakuwa njano, figo zinagoma, wengine wanatapika au kukohoa damu. Ikiwahiwa, doksisaiklini au penisilini inatosha, dawa za siku zote. Mtu asife kwa ugonjwa unaotibiwa na kidonge kilichopo kwenye kila duka la dawa, eti kwa sababu hakuna aliyemuuliza kuhusu ng'ombe wake. (Hapo hapo, usikimbilie kwenda kujinunulia. Nenda kwa daktari na umwambie ulishika maji gani.)

Nimesikia majibu ya upande wa pili, na siyo ya kijinga. La kwanza, malaria ndiyo inayoua wengi, tusitawanye nguvu. Kweli inaua, na aliye nayo apewe mseto haraka. Lakini mimi sizungumzii kupunguza shilingi ya malaria, nazungumzia yule ambaye kipimo kimeshasema hana. La pili, kipimo cha uhakika cha homa ya mgunda ni kigumu: maabara lazima ifuge bakteria hai, na mgonjwa atoe damu mara mbili, wiki kadhaa katikati. Hilo nalo kweli, ndiyo maana sampuli za Moshi zilipelekwa mpaka Atlanta, Marekani. Ila hoja hiyo inanisaidia mimi. Kama huwezi kumpima kila mtu, basi ramani ndiyo kipimo chako cha kwanza! Mganga wa Chekereni akijua kwamba katika eneo lake mpunga na ng'ombe ndio chanzo, swali moja la bure linampa mwanga ambao maabara haina.

La tatu ndilo linalonikera: "tutaleta taharuki". Ruangwa taharuki ililetwa na kutokujua. Ugonjwa ukiwa na jina, na njia, na mahali, watu wanavaa mabuti wanaendelea na kazi.

Wenzetu waliofuata ramani yao wamevuna. New Zealand walikuwa na wagonjwa wengi hasa kwa wakamua maziwa, wakaanza kuchanja ng'ombe kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wakapungua sana. Hawakuhangaika na mtego wa panya, walikwenda zizini. Sri Lanka, baada ya mlipuko mkubwa wa 2008 uliopata watu zaidi ya 7,000, wakulima wa mpunga kwenye maeneo hatari wanapewa doksisaiklini ya kinga msimu wa kulima. Hawakuinakili New Zealand, walitazama majaruba yao.

Sisi je? Mwaka 2017 wataalamu wetu wa afya ya watu na ya wanyama walikaa wakachagua magonjwa sita ya wanyama ya kupewa kipaumbele kitaifa. Kichaa cha mbwa kimo, kimeta kimo, brusela imo, malale yamo. Homa ya mgunda haikuingia. Miaka mitano baadaye tukaiita ya ajabu. Tunalo hata dawati la Afya Moja, liko Ofisi ya Waziri Mkuu, lengo lake ni kumkutanisha daktari wa watu na daktari wa mifugo. Nalipenda wazo hilo kuliko mengi ya serikali. Lakini kule chini wilayani, bwana mifugo anajua zizi lipi ng'ombe wanatoa mimba ovyo (moja ya dalili za leptospira kwa ng'ombe), mganga wa zahanati anajua nyumba ipi watu wanaumwa homa isiyoisha, na daftari zao hazijawahi kulala meza moja. Kwenye semina hotelini wanakutana, kwa chai na vitafunwa.

Nataka vitu vya kawaida kabisa. Kila mkoa uwe na ujumbe wake: Kilimanjaro ng'ombe na mpunga, Dar mifereji na taka, Katavi maji ya kuchangia na wanyamapori. Fomu ya mgonjwa wa homa iongezwe mstari mmoja wa kazi na mifugo. SUA, NIMR na KCMC wana makabati ya matokeo yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha majarida, yatafsiriwe yamfikie mwenye zizi ambaye damu yake ndiyo iliyoyatoa. Na bei ya mabuti ya mvua iangaliwe, maana kumwambia kibarua wa jaruba avae mabuti wakati jozi inakula ujira wake wa siku kadhaa ni kumdhihaki.

Na nyie wa mjini mnaosoma hii ofisini kwenye kiyoyozi mkidhani ni habari za shamba: mwaka 2000 wanamichezo kutoka nchi nyingi walikwenda Sabah, Malaysia, kwenye mashindano ya Eco-Challenge. Vijana wenye afya, wenye bima. Walipiga mbizi na kasia kwenye mto Segama. Kati ya 189 waliofikiwa baadaye, 80 walikuwa wameugua. Kwa hiyo wikiendi mkikodi basi kwenda kuruka kwenye maporomoko, halafu wiki ya pili mashavu ya miguu yanauma na macho mekundu, msiishie kusema ni uchovu wa safari.

Wenye takwimu za Msimbazi, Rufiji, Kilombero au hata kijiji kimoja tu, uwanja wa maoni uko hapo chini. Matusi pia nayasoma, ila yakija na takwimu nitayapandisha juu.